Pambizo

Kitabu kimenijia bila mgongo,
kimefungwa kwa utepe wa sanduku la keki,
na kikaratasi cha Bwana Lescop wa maktaba ya manispaa:
"Bi Quéméneur, mgongo mpya, ngozi ya mbuzi.
Kingo zimeingia kuvu. Kata milimita kumi."

Nantes, Februari. Gundi inachelewa kushika.
Nikawasha taa, nikavaa miwani, nikafungua
nihesabu kurasa tu.
Sijawahi kuhesabu tu.

Hadithi yenyewe tulilazimishwa shuleni:
Apolline, binti wa mwoka mikate,
jiji linaloungua kwa njaa na kwa hotuba,
kaka yake aliyemficha padri juu ya tanuri,
na usiku ule, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili,
anapovuka daraja kwenda Kamati
na jina la kaka yake mdomoni kama kipande cha barafu.

Lakini kwenye pambizo kuna umati.

Mmoja ana wino wa zambarau, mwandiko wa mwalimu:
"Mwandishi anawahurumia matajiri kupita kiasi."
Chini yake, penseli: "Na wewe hujawahi kula na maskini."
Ukurasa wa tisini mtu kachoka:
"Kurasa kumi na moja za mvua! Narudisha."
Na mwingine, miaka baadaye labda, kwa upole:
"Ungevumilia. Mvua ndiyo inayouzima moto."

Mtoto amechora paka juu ya jukwaa la kukatia vichwa.
Paka anatabasamu. Hakuna aliyemfuta.

Kijana (nasema kijana, sijui)
amepigia mstari mwekundu kila hotuba,
Ndiyo! Ndiyo! Ndiyo!
mpaka wale wahutubu wanapopandishwa mkokoteni wao wenyewe.
Hapo wino mwekundu unakoma.
Aliacha kusoma, au aliacha kupiga mistari?

Kisha ule wa mia mbili na kumi na mbili:
hata nzi hana pa kutua.
"Msaliti." "Shujaa."
"Alikuwa na miaka kumi na saba, mwacheni."
"Mkate haukutosha. Padri alikula fungu la nani?"
"Damu nzito kuliko maji."
"Ndiyo, ila Loire ina maji mengi."
Kila mwamba ngozi huvutia kwake,
nami ngozi ninayo hapa mezani, najua:
ukiivuta mno upande mmoja, jalada hupinda.

Na ndani kabisa, kando ya mshono,
mahali msomaji hafiki ila kitabu kikivunjika,
penseli nyepesi:
"Machi 1943. Mimi sikuvuka daraja.
Mimi nilibandika stempu."

Hakuna aliyemjibu.

Mashine yangu ya kukatia niliachiwa na babu,
bamba zito, mpini mrefu.
Mafundi wenzangu huiita kwa jina la ile ya uwanjani
na kucheka. Mimi hucheka kidogo.
Milimita kumi. Nikishusha mpini
mwalimu anaondoka, paka anaondoka,
mahakimu wote wanaanguka kikapuni,
na mwenye stempu, kwa kuwa yuko mshononi,
anabaki. Yeye na Apolline.

Ningeweza pia kushona kwa kubana,
mshono ukammeza, pasiwe na ajuaye.

Nimesugua kuvu kwa brashi na spiriti,
ukurasa kwa ukurasa, jioni tisa.
Vidole vyangu vimepasuka. (Ndiyo lawama yangu kwa riwaya hii,
nikiulizwa: Apolline anavuka daraja usiku wa Januari
na hata mara moja hasemi mikono inamuuma.)
Nimeshona kwa kulegeza.
Sasa kinafunguka bapa hadi kwenye uzi.

Kwenye ankara nimeandika: ngozi, uzi, gundi.
Kukata: sifuri.
Bwana Lescop atauliza kwa nini.
Afungue.